Namna ya Kufungwa Miaka 14 kwa Simu ya Bei ya Kutupa

Kama umeazimia kuingia jela Kenya, usijisumbue kuruka ua wala kuvunja kufuli. Wizi wa kawaida, kwa kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu, ni kifungo kisichozidi miaka 3. Anayepokea mali ya wizi amewekewa kifungu cha 322, na humo hakimu anaweza kufika miaka 14. Kwa hiyo nunua tu.

Muuzaji utamkuta jioni karibu na kituo cha matatu, wakati kila mtu ana haraka ya kufika nyumbani. Hana meza wala kibanda. Simu anaitoa kwenye mfuko wa ndani wa jaketi. “Mkubwa, hii dukani ni elfu 40. Nipe 8 nitoke.” Haina kasha, haina chaja, haina risiti, laini imechomolewa. Ukiiwasha, kioo kinaonyesha mtoto aliyevaa kofia ya sherehe, mashavu yamejaa keki, na simu inadai namba ya siri ambayo muuzaji haijui. Atakwambia yuko fundi hapo nyuma atakayeifungua. Hapa jikaze: usiulize mtoto yule ni wa nani. Toa elfu 8, tia simu mfukoni, panda matatu.

Umefuzu. Sheria haidai uwe ulishuhudia wizi. Yatosha kwamba ulijua, au ulikuwa na sababu ya kuamini, kuwa kitu kimeibwa, na ukakipokea hivyo hivyo bila uaminifu. Bei ile ni sababu. Keki ile ni sababu. Nakubaliana kabisa na ukali wa kifungu hiki, maana kijana anayepora simu hapori ili apige simu. Anapora kwa kuwa sisi, wenye kazi na heshima zetu, tunamngoja kituoni na pesa mkononi.

Ukitaka kupanda zaidi ya miaka 14, kaa na simu hiyo bila maelezo ya maana. Mahakama ya Rufaa ilitaja mwaka 2006 mambo manne ya kuthibitishwa: kitu kimepatikana kwako, ni cha mlalamikaji bila shaka, kiliibwa kwake, na kiliibwa karibuni. Yakitimia, ni juu yako kueleza ulikipataje, na ukishindwa, mahakama inaweza kukuhesabu wewe ndiye uliyekiiba. Sasa fikiria kwamba mama wa mtoto yule alizabwa makofi na vijana wawili ndipo akanyang’anywa. Huo ni wizi wa mabavu chini ya kifungu cha 296(2). Si lazima kuwe na bunduki: kisu kinatosha, kuwa na mwenzako kunatosha, kumpiga mtu kunatosha. Adhabu yake ni kifo. Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, lakini adhabu yenyewe ingali kwenye vitabu, na unaweza kuifikia kwa simu ya elfu 8.

Kama hupendi simu, zipo njia nyingine. Kuwa mweka hazina wa chama, kopa kwenye mfuko wa wenzako bila kuwaambia, na ujiambie utarudisha Ijumaa. Kifungu cha 268 kinasema kwa upande wa pesa, nia ya kurudisha baadaye haikuokoi. Au okota kitu kwenye kiti cha matatu na ukifanye chako huku mwenyewe anajulikana. Au usiku sukuma dirisha la mtu, pitisha mkono uivute suruali iliyotundikwa. Mwili uliobaki nje hauna maana: kiungo chochote kikiingia, hata ncha ya fimbo uliyoshika, umeingia. Kati ya saa 12 na nusu jioni na saa 12 na nusu asubuhi, kuvunja nyumba ya mtu namna hiyo ni hadi miaka 10. Mchana ni 7.

Wewe ambaye hutaki chochote kati ya haya, bonyeza *#06# kabla ya kutoa pesa, ulinganishe namba itakayotokea na ile ya kwenye kasha. Dai risiti. Kwa simu iliyotumika, andikianeni, na muuzaji aweke jina na namba ya kitambulisho chake. Anayeuza chake haoni taabu kufanya hivyo.

Na kama simu ya namna hiyo iko mfukoni mwako tayari, na roho inakusuta, tafuta wakili akusindikize kituo cha polisi uikabidhi. Usiendelee kuiweka, kwa maana kifungu cha 322 kinakamata kuweka sawa na kupokea. Usimuuzie shemeji kwa elfu 6 ili uondokewe na mzigo. Kuuza hakukuokoi, na kama naye anajua ilikotoka, mtapanda kizimbani wawili.