Chumvi Kwenye Gunia

Nyumbani kwetu Tabata tuliingia kwenye kilimo cha magunia kwa sababu mbili zilizotukuta pamoja. Baba watoto alipimwa presha, akaambiwa apunguze chumvi, aachane na chipsi za jioni, na mboga za majani zisikose kwenye sahani yake mchana wala usiku. Wakati huohuo mshahara wake ukaanza kuchelewa. Hela ya matumizi anayoiacha mezani asubuhi ikashuka hadi shilingi 10,000, nasi tuko watu saba: unga au mchele, mafuta, mkaa, dagaa, na sasa hiyo mboga.

Ushauri wa zahanati ulikuwa wa haki kabisa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na chumvi isizidi gramu 5, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa kutwa nzima. Ila gramu 400 kwa watu saba, hata ukiwapunguzia watoto, ni zaidi ya kilo mbili. Gengeni kwetu fungu la mchicha lilikuwa shilingi 500, na likiingia sufuriani linanywea hadi kutoshea kiganjani. Nilikaa na daftari la matumizi, nikakata huku nikiongeza kule, hesabu ikagoma. Basi tukajifunga kibwebwe tulime wenyewe.

Shemeji ndiye aliyeleta magunia ya sandarusi. Kazi yake ilikuwa nzuri, naikumbuka kwa heshima. Alichukua kopo la rangi lisilo na kitako, akalisimamisha katikati ya gunia, akajaza kokoto ndani ya kopo na udongo wenye samadi iliyooza pembeni. Kisha akalivuta kopo juu kidogo, akajaza tena, mpaka gunia likasimama na uti wa kokoto ndani yake, ambao ukiumwagia maji yanashuka hadi chini na kulowanisha pande zote. Ubavuni akatoboa matundu, akapachika miche ya sukuma wiki na spinachi. Juu tukapanda maharage na mchicha. Watoto walidai karoti, nao wakapewa gunia lao.

Hiyo ilikuwa Septemba 2022. Oktoba mto Ruvu ukapungua, na kwa kuwa sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka huko, mgao wa maji ukatangazwa. Mvua za vuli tulizisubiri, hatukuziona. Bomba letu likawa linatoa hewa tu. Dumu la lita 20 la maji baridi kutoka kwa watu wa mikokoteni likafika shilingi 1,000, yaani bei ya mafungu mawili ya mchicha. Kwa jua lile, magunia yetu yalikuwa yanamaliza zaidi ya dumu moja kila siku. Mwenye macho aliona kwamba mboga ya bustanini imeshaipita ile ya gengeni kwa gharama.

Jirani yetu, Mungu ambariki, ana kisima. Maji yake ni ya chumvi, kama yalivyo ya visima vingi vya jiji hili: sabuni haitoi povu, na chai ukiipika kwa maji hayo hainyweki. Akatuambia tuchote bure tumwagilie. Tukachota asubuhi na jioni, madumu yakipokezana juu ya ukuta.

Maharage ndiyo yaliyotangulia kuugua. Ncha za majani zikageuka kahawia, kisha kingo zikajikunja na kukauka kuelekea ndani, kama karatasi iliyopitishwa motoni. Karoti zilichipua chache, zikadumaa zikiwa na urefu wa kidole. Sukuma wiki ikapoteza rangi. Udongo ulikuwa umelowa, lakini mimea ilikuwa inanyauka mbele ya macho yetu kama vile haijaonja tone la maji.

Kila mmoja akaja na tiba yake. Shemeji alisema ni wadudu, akatwanga majani ya mwarobaini, akayaloweka usiku kucha na kunyunyizia. Wifi alisema ni kiu, akaongeza madumu ya kisimani. Muuza pembejeo aliyeoneshwa jani moja alisema ni njaa, akatuuzia mbolea ya chumvichumvi ya shilingi 3,000. Hiyo 3,000 ndiyo iliyoleta maneno ndani ya nyumba. Baba watoto aliniuliza kwa upole, lakini aliniuliza: hela ya mboga tunailisha magunia mpaka lini? Jioni hiyo alikula ugali na dagaa watupu.

Mama mkwe akaja kutoka Same, upande wa tambarare, ambako wakulima wa kumwagilia wanaijua chumvi ya ardhini. Watoto walimpokea mizigo, shikamoo na marahaba zikaisha, akaenda moja kwa moja kwenye magunia. Hakugusa majani. Alikwangua kwa ukucha ukoko mweupe uliokuwa umeganda juu ya udongo na kwenye mishono ya sandarusi, akauweka ulimini, akatema.

“Mwanangu, hii ni chumvi. Mnamwagilia maji ya wapi?”

“Ya kisima cha jirani, mama.”

“Ndiyo hayohayo. Maji yanapaa na jua, chumvi inabaki. Humu ndani ya gunia itakwenda wapi?”

Akatueleza vizuri, nami tangu hapo nimeelewa. Shambani mvua kubwa huishusha chumvi mbali na mizizi. Gunia linalopewa maji kidogokidogo huikusanya palepale, na ikizidi, mzizi hushindwa kuvuta maji hata udongo ukiwa umelowa. Kila dumu la wifi liliiongeza, na ile mbolea ikaongeza yake. Maharage na karoti ni miongoni mwa mimea isiyoivumilia kabisa. Spinachi, ndugu wa kiazisukari, ilikuwa bado imesimama ubavuni, na hatukuwa tumejiuliza kwa nini.

Mama aling'oa karoti, wajukuu wakanuna. Akabakiza magunia mawili tu karibu na jiko, kwa sababu alisema idadi ya magunia ifuate maji. Chini ya meza ya jikoni akaweka beseni: maji ya kuoshea mchele, ya kusuuzia mboga, ya kuoshea dagaa kabla hawajatiwa chochote, yote humo. Kwa nyumba ya watu saba, beseni hilo lilitoa ndoo kwa siku bila senti kutoka. Magunia mengine yakangoja mvua, na ilipofika shemeji akaelekeza mfereji wa bati kwenye pipa. Mvua iliyapiga magunia mpaka maji yakatoka chini, na ule ukoko ukaondoka.

Alitubadilisha na jikoni pia. Mchicha aliupika kwa maji kidogo na karanga za kusaga, mafuta yake yakiusaidia mwili kuchukua vitamini A iliyomo. Ulipoepuliwa akaukamulia ndimu, inayoongeza madini ya chuma yanayofyonzwa. Chumvi akaitia mwisho, kwa ncha za vidole. Baba watoto alimaliza sahani bila kuulizia kopo la chumvi, na kwa mume wangu hilo si jambo dogo.

Magunia mawili hayatulishi watu saba. Yanatupa mboga ya siku kadhaa kwa wiki, siku nyingine genge lipo. Vidonge vya presha anaendelea kumeza, wala hakuna aliyetarajia mchicha uchukue nafasi yake. Lakini wanaozihimiza kaya zenye kipato kidogo zilime mboga nyumbani wanapaswa kuanzia kwenye maji, si kwenye pakiti za mbegu. Ukitaka kuanza, onja kwanza maji yako. Yakiwa ya chumvi, achana na karoti na maharage, panda spinachi na mchicha, ambao unauchuma ndani ya wiki tatu au nne, na magunia yako yapange kwa ndoo za maji baridi unazoweza kuzipata.