Jinsi ya Kumkata Maini Mbahatishaji

Unatunga mtihani wa cheti cha uhasibu, wenye maswali ya kuchagua jibu. Mlangoni wanasubiri watu wawili: Mhasibu, anayeijua kazi, na Mbahatishaji, anayeijua mitihani tu. Wa kwanza apite, wa pili arudi akasome. Fanya hivi:

1. Mnyang'anye rula. Mbahatishaji hupima majibu kwa urefu, maana mtungaji mwenye wasiwasi hulirefusha jibu sahihi lisije likapingwa. Yalinganishe yote.

2. Futa "yote hapo juu". Akitambua mawili kuwa ni kweli, la tatu hana haja ya kulijua.

3. Tega kwa makosa ya kazini. Uliza: hundi ya shilingi 50,000 uliyomlipa mtu imeshaandikwa kwenye daftari la fedha, ila bado haijafika benki. Kwenye usuluhisho wa benki utaifanyaje? Jibu sahihi: utaitoa kwenye salio la taarifa ya benki. Majibu ya uongo yachote kwa makarani wenyewe: mmoja huijumlisha, mwingine huitoa mara ya pili kwenye daftari. Mitego hiyo humnasa asiyejua. Lakini swali la aina ya "Lipi si kweli isipokuwa" humnasa Mhasibu.

4. Usijazie. Jibu la nne lisilomvutia yeyote halimzuii yeyote. Matatu yenye uzito yanatosha.

5. Usiokote alama ya kufaulu kwa mazoea. Ipo njia aliyoieleza William Angoff mwaka 1971: wataalamu wapitie swali moja moja na kukadiria, kati ya watu 100 ambao ujuzi wao unatosha kwa kazi bila ziada, wangapi wangelipata. Wastani wa makadirio hayo ndio mstari wa kufaulu.

6. Mtihani ukiisha, yasahihishe na maswali. Swali walilolikosa waliofanya vizuri kwingine kote, wakalipata walioshika mkia, ndilo linaloumwa. Liondoe kabla matokeo hayajatoka, asiumie mtu kwa ajili yake.

Haya yote yana kazi, na yanastahili. Mtahiniwa amelipa ada, ameomba ruhusa kazini, amesoma usiku watoto wakiwa wamelala. Akianguka kwa kutojua usuluhisho wa benki, anajua ukurasa wa kurudia. Akiangushwa na "isipokuwa", akasome nini?