Ngeli za Wakili wa Kupewa: Uchunguzi wa Awali Kutoka Nyakakika

Wanasarufi wa Kiswahili wamekwisha kugawa ulimwengu mzima katika ngeli: watu, miti, mayai, magonjwa, hata mahali pasipo na mtu. Kiumbe mmoja tu hawakumtendea haki, naye ni wakili anayepangwa na mahakama kumtetea mshtakiwa asiye na fedha. Walimtupa A-WA pamoja na mbuzi na waalimu, wakafunga kitabu. Uchunguzi huu, uliofanyika kwenye mabenchi ya kata ya Nyakakika, wilayani Karagwe, na kuongezewa nyama na wageni kutoka Kyerwa waliofuata rubisi, pombe ya ndizi, unaona kwamba kazi ile ilifanywa kwa haraka.

Kwanza mipaka ya utafiti. Kesi za Mahakama ya Mwanzo, yaani mkungu ulioibwa na ngumi zilizorushwa kilabuni, zimeachwa nje. Kwa miongo mingi sheria haikumruhusu wakili kutia mguu humo. Mwaka 2021 mlango ulifunguliwa, lakini pale tu anapoketi hakimu mkazi. Nyakakika haikushtuka. Watu wake wanajieleza wenyewe mbele ya hakimu, kwa ufasaha na kwa urefu, na hakuna wakili ambaye angevumilia kuwakatiza. Sampuli zetu basi ni za mauaji, kosa ambalo adhabu yake ni moja tu, kunyongwa hadi kufa. Hizo huanzia mahakama ya wilaya, Kayanga, hutajwa na kutajwa tena huku upelelezi “haujakamilika”, kisha huhamishiwa Mahakama Kuu, Bukoba. Hapo ndipo jaji, akiona mshtakiwa hana uwezo na haki inadai atetewe, huelekeza apewe wakili. Zamani hilo lilifanyika kwa sheria ya mwaka 1969, na sasa ni Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Jina hutoka kwenye orodha, na malipo hutoka serikalini.

Kutokana na malipo hayo benchi limejenga nadharia yake kuu: anayekushtaki analipwa na serikali, anayekutetea analipwa na serikali, anayekuhukumu analipwa na serikali, na wewe peke yako ndiye uliyekuja kwa gharama zako. Nadharia hii ina kasoro, kwa sababu hata mshtakiwa husafirishwa na Magereza kwa gari la serikali. Lakini hakuna aliyeikanusha kwa hoja nzuri kuliko hiyo.

Ngeli ya kwanza ni I-ZI, ambamo umoja na wingi havitofautiani. Nyumba ni moja, nyumba ni kumi. Wakili ni mmoja, washtakiwa ni wanne. Mshtakiwa wa kwanza anasema aliyeshika panga ni wa tatu. Wa tatu anasema siku hiyo alikuwa mnadani Omurushaka na hata hawajui hawa. Wakili yule yule anasimama kwa niaba ya wote na kumwambia jaji, bila kupepesa, kwamba wateja wake wanakana. Dawa ya ngeli hii ipo na ni rahisi. Utetezi wa washtakiwa ukigongana, kila upande upate wakili wake, na ni juu ya wakili mwenyewe kumwarifu jaji mapema. Tatizo ni kwamba wakili hujua kuwa wanagongana saa ile ile wanapogongana, wakiwa wamesimama kizimbani.

Ngeli ya KI-VI ina mwakilishi mmoja mashuhuri, kishoka, na wingi wake, vishoka, ni mkubwa kuliko inavyopendeza. Huyu si wakili. Ana mkoba, ana kalamu tatu mfukoni, na anamfahamu mtu anayemfahamu karani. Huwavizia ndugu karibu na geti la mahakama na kuwaambia kwamba wakili wa bure ni wa kuagana naye, kisha huwaandikia “barua ya kwenda kwa Jaji” yenye mihuri isiyosomeka. Chama cha Mawakili Tanganyika kimekuwa kikiwaandama miaka nenda rudi. Hatukukusanya sampuli hai, kwa sababu sampuli zilitaka kulipwa kwanza.

YA-YA, ngeli ya maji na mafuta, haina umoja. Humo tumewaweka ndugu. Hakuna ndugu mmoja wa mshtakiwa, kuna ukoo. Ukoo hukutana Jumapili na kuamua kwamba wakili wa kupewa “hana uchungu”, kwa hiyo atafutwe wa kulipwa. Fedha zitoke wapi? Zitoke kwenye butura, kahawa iuzwe ingali ua juu ya mbuni, kwa bei anayoipanga mwenye fedha taslimu. Serikali na vyama vya ushirika vimeikemea butura muda mrefu, lakini aliyeikemea hakuwa na mtoto mahabusu. Wakili wa kulipwa huja, anajitambulisha mahakamani, wa kupewa anaomba kujitoa, na hiyo ndiyo njia ya kubadilisha isiyo na ubishi wowote. Siku ya pili ya kusikilizwa malipo yaliyosalia hayajafika, na wa kulipwa naye anapata udhuru. Kahawa imekwenda, na mshtakiwa amerudi kwenye orodha.

Sasa tufike kwenye ngeli ambayo utafiti huu uliandikwa kwa ajili yake: PA-KU-MU, ngeli ya mahali. Wakili wa ngeli hii yupo. Hapo yupo, huko yupo, humo yupo. Ukiuliza anafanya nini utajibiwa tena kwamba yupo. Kumbukumbu za mahakama zitaonyesha kwamba mshtakiwa aliwakilishwa. Mkutano wao wa kwanza hufanyika asubuhi ya kesi, mlangoni mwa mahabusu ya mahakama, wakili akiwa na faili aliyoipata majuzi na kesi nyingine mbili kwapani.

“Maelezo ya onyo, uliyatoa kwa hiari yako?”

“Niliyasaini, mheshimiwa.”

“Nauliza, kwa hiari?”

“Walinipa kalamu.”

Wakili anaandika: alisaini. Kijana anayatazama maandishi hayo kwa heshima. Hajasema kwamba kabla ya kalamu alipewa kitu kingine, kwa sababu askari yuko hatua mbili pembeni, na kwao mtu mzima hujibiwa kadiri alivyouliza. Baada ya saa moja maelezo yale yanatolewa kuwa kielelezo. Huo ndio wakati wa kuyapinga, jaji aendeshe kesi ndani ya kesi ili ajue yalipatikanaje. Dirisha hilo hufunguliwa mara moja. Wakili hana pingamizi, kwa kuwa hana habari.

Jambo la pili lililobaki mlangoni ni koroboi. Shahidi anadai alimtambua kijana usiku, kwa mwanga wa koroboi. Tangu shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1980, utambuzi wa namna hiyo hauchukuliwi kirahisi: mwanga ulikuwa na nguvu gani, umbali ulikuwa upi, shahidi alimtazama kwa muda gani, alimfahamu kabla au la. Wakili anayajua hayo kwa moyo. Asilolijua ni kwamba koroboi ilikuwa jikoni, jiko liko nyuma ya nyumba, na kati ya jiko na njia kuna migomba iliyosongamana kiasi kwamba hata mchana humwoni mtu mpaka akukoholee. Kijana anaijua migomba hiyo, maana aliipalilia. Sheria yote iko kwa mmoja, ukweli wote uko kwa mwingine, na muda wao ni dakika kumi na tano. Nadhani hapa ndipo kesi nyingi hupotea, na hazipotei kwa sababu ya ubaya wa mtu. Ukimleta wakili mwingine ukampa dakika zile zile, umebadilisha tai tu.

Ngeli ya KU, ya vitenzi-jina, ndiyo inayopendwa na wakongwe wa gerezani: kumkataa. Mahabusu aliyekaa miaka humpa mgeni ushauri bila malipo, “Simama umwambie Jaji huna imani naye.” Ushauri huu ni nusu sahihi. Mshtakiwa anaweza kuomba abadilishiwe, lakini wakili wa gharama za umma hachaguliwi kama shati mnadani. Jaji atauliza sababu. “Simpendi” haitoshi. “Hajanisikiliza, na nina mashahidi wawili ambao hajawauliza” ni sababu ya kuandikwa kwenye mwenendo. Na isemwe kabla shahidi wa kwanza hajaapa, siyo baada ya hukumu.

Mabingwa wa ngeli hii walikuja kutoka ng’ambo ya Mto Kagera, wakakutwa Arusha, kwenye mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Jean-Paul Akayesu, mtu wa kwanza kuhukumiwa kwa kosa hilo na mahakama ya kimataifa, alibadilisha mawakili mpaka mwaka 1999 majaji wa rufani wakaamuru apewe aliyemtaka. Jean-Bosco Barayagwiza alikwenda mbali zaidi. Mwaka 2000 aliwakataza mawakili wake wasimtetee kabisa, nao wakaomba kuondoka. Majaji wakawakatalia. Wakabaki, na kwa siku hizo walihama rasmi kutoka A-WA kwenda PA-KU-MU.

Arusha hiyo hiyo iko Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 20 Novemba 2015, katika shauri la Alex Thomas, aliyefungwa miaka 30 kwa unyang’anyi wa kutumia silaha, iliamua kwamba Tanzania ilivunja haki zake, mojawapo ikiwa kutompa msaada wa kisheria. Wengine walifuata njia hiyo. Septemba 2018 Minani Evarist aliamriwa alipwe Sh300,000 kwa kukosa wakili. Benchi lilitafakari kiasi hicho kimya kimya, kila mtu akipiga hesabu ya kahawa. Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kuipeleka huko moja kwa moja, na mwaka uliofuata mlango ukafungwa kwa wapya. Lakini hata ulipokuwa wazi, waliolalamika kwamba wakili walipewa ila alikuwa goigoi walikuwa na mlima wa kupanda. Dola haibebi kila kosa la wakili, na swali la kwanza ni kama ulilisema mbele ya jaji wako. Aliyenyamaza Bukoba hakuwa na la kuonyesha Arusha.

Imebaki sampuli moja, ya Marekani, iliyotuvurugia jedwali. Clarence Earl Gideon, mfungwa maskini wa Florida, aliiandikia Mahakama ya Juu kwa penseli, na mwaka 1963 akashinda haki ya maskini kupewa wakili. Kesi iliporudi kuanza upya aliletewa mawakili wawili kutoka Miami. Akawakataa, akataka mtu wa pale pale, Fred Turner, na jaji akamteua. Turner aliyajua mazingira, aliwafuatilia watu waliohusika, na siku za nyuma yeye mwenyewe alikwisha kumtetea shahidi mkuu wa mashtaka. Alimhoji mpaka ushahidi ukamomonyoka. Baraza la wazee wa mahakama lilijadili kwa saa moja hivi, likamwachia Gideon.

Nililisomea benchi habari hiyo yote. Walisikiliza vizuri, mzee mmoja akaomba irudiwe pale kwenye kuwafuatilia watu. Kisha akauliza huyo Turner nauli alipewa na nani.