Jaribio la Usiku wa Manane

Katika dhiki zote zimfikazo mwandishi wa programu, sijaona yenye udhia kama jaribio ambalo leo hupita na kesho likaanguka, ilhali hapana aliyegusa hata herufi moja ya msimbo; kwani kosa la kudumu makazi yake hujulikana, lakini hili ni kama mdeni: ukimtafuta hayupo, ukimsahau wamwona apita.

Katika mradi mmoja ninaoshirikiana na waungwana wa Ulaya na Marekani, ambao hatujapata kuonana uso kwa uso, palikuwa na jaribio lililoiuliza seva swali, likangoja sekunde mbili, kisha likadai jawabu. Katika kompyuta zetu jawabu liliwahi, na kila mmoja akaapa kwamba kwake ni salama salimini; lakini katika mashine ya shirika, ihudumiayo kazi za watu wengi kwa wakati mmoja, seva ilichelewa kidogo tu, na alama nyekundu ikamwangukia maskini aliyesahihisha nukta katika maelezo. Dawa ikawa kuongeza subira: huyu akaandika sekunde tatu, yule tano, na mwingine, kwa ukarimu usio kifani, akatoa thelathini. Hapana aliyewaza kuiuliza seva yenyewe kama i tayari. Wala hatukuwa peke yetu: mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois walichunguza marekebisho 201 ya majaribio ya aina hii katika miradi ya Apache, na sababu iliyozidi zote ikawa ni hiyo hiyo ya kutongoja ipasavyo.

Lililonishughulisha mimi hasa ni jaribio jingine, lililoanguka kwangu tu, tena baina ya saa sita na saa tisa za usiku. Lilichukua tarehe ya kompyuta yangu hapa Mombasa na kuilinganisha na ya seva, iliyofuata saa za Greenwich, nyuma yetu kwa saa tatu. Hivyo mimi nimekwisha ingia kesho, nayo ingali jana. Mwenzetu wa New York naye angelikutana nalo jioni, lakini yeye hufunga kazi mapema, Mungu amzidishie. Nikayaeleza haya yote kwa urefu. Mwungwana mmoja akanijibu, kwa nia njema kabisa, kwamba nijitahidi kulala mapema. Nikalala. Tangu hapo jaribio linapita, naye ameandika katika daftari la mradi kwamba tatizo limekwisha tatuliwa.