Kilo 30 za Chogo

Kuna wakati hapa Campbelltown, kusini-magharibi mwa Sydney, skrini za chogo zilitupwa kando ya barabara zikisubiri gari la halmashauri. Leo ukiitaka, jiandae kubembeleza. Wapenda gemu wameshaijua siri yake: mwale wa elektroni huchora picha papo hapo, bila kuchelewachelewa, na gemu ya zamani ya pikseli 640 kwa 480 hutoka safi sawa na ya 1600 kwa 1200. Sultani wao, Sony GDM-FW900 ya inchi 24, ana kilo 42 na bei ya kisultani. Mimi nikatafuta ya inchi 21, saizi ya walalahoi.

Nikaipata Leumeah, kwa mzee mmoja aliyeifunika shuka garejini. Nilifuatana na kaka mmoja wa Bukavu, mwenye mabega. Ukaguzi una masharti yake: iwashwe ikiwa baridi, iachwe nusu saa ipate moto, kisha iwekwe picha nyeusi tupu. Weusi ukiwa kijivu, skrini imezeeka. Mistari myeupe ikiota kingo nyekundu au bluu, rangi zimegombana.

Picha ilitulia, ila nyuzi mbili nyembamba zilikatiza kioo. Kaka akalowesha leso, akaanza kusugua. Mzee akacheka: ni nyaya za ndani za kutuliza mtikisiko, Trinitron kubwa zote zinazo. Kisha akabonyeza kitufe cha kuondoa sumaku. Skrini ikanguruma, picha ikatetemeka kama mwali aliyepandwa na pepo, na kaka tukamsikia yuko uani.

"Ndugu yangu, hiki kitu kina wenyewe!"

Kuibeba nako kuna adabu. Uzito wote uko kwenye kioo, kwa hiyo mimi nilikikumbatia kifuani nisione njia. Kaka akashika chogo, akirudi kinyumenyume, naye asione. Mawaridi ya mzee ndiyo yaliyotujulisha kwamba njia tumeipoteza.

Nyumbani, kompyuta yangu mpya haikuwa na tundu la VGA. Kadi za picha za siku hizi zimeshalisahau. Wakati tukisubiri kiunganishi kije kwa posta, mke wangu akaitandika skrini kitambaa cha kufuma, juu yake akaweka maua ya plastiki.

Katika hali hiyo shangazi akapiga simu ya video kutoka Dar es Salaam, jiji lililozima matangazo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, karibu mwaka mzima kabla ya Sydney. Akaliona chogo. Akashusha sauti ya msibani.

"Baba, mbona hukutuambia kama mambo yamekuwa magumu?"

Nikamweleza elektroni, nikamtajia na bei. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa: umaskini alikuwa tayari kuusamehe, sasa akahofia na akili.

Jioni, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, orodha ya michango ilikuwa imefunguliwa. Mjomba, elfu ishirini. Mama mdogo, elfu kumi. Bibi, jogoo na dua.