Mganga wa Washington

Mwaka 2023 Washington Commanders, timu ya futiboli ya Kimarekani, walishinda mechi 4, wakapoteza 13. Mwaka 2024 akaja kocha Dan Quinn, wakashinda 12. Watu wakasema kaleta nidhamu. Haya. Ila dhidi ya Chicago, saa imeshakwisha, kinda wao Jayden Daniels alirusha mpira wa kubahatisha, wachezaji wakaugombania, ukadondokea mikononi mwa mwenzake Noah Brown, wakashinda. Beki wa Chicago alikuwa ametoka kuwakebehi mashabiki, mgongo kauelekeza kwenye mchezo. Hapo nidhamu ni ya nani? Mtasema bahati haishindi mechi 12. Kweli, lakini Daniels mwenyewe alipatikana kwa timu kuvurunda: kwenye ligi yao wanaoshika mkia ndio huchagua chipukizi kwanza. Mwaka 2025 Daniels akateguka kiwiko, na Quinn yuleyule akafungwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Yaelekea nidhamu nayo iliteguka.