Asilimia Moja ya Sufuria Tupu

Machi 1999, Marc Benioff na wenzake watatu walianza kuijenga Salesforce katika nyumba ya chumba kimoja San Francisco. Kampuni ikiwa bado changa hivyo, wakatangaza ukarimu: asilimia 1 ya hisa, asilimia 1 ya bidhaa, asilimia 1 ya muda wa wafanyakazi, vyote kwa hisani.

Hisa zilikuwa karatasi, bidhaa bado iko jikoni, na wafanyakazi wangeenea kwenye bajaji, mmoja akining'inia. Kumega asilimia moja ya sufuria tupu hakumuumizi mpishi.

Ujanja ulionekana 2004, hisa zilipoingia soko la New York: sufuria ikajaa, na ahadi haikurudi nyuma. Ndiyo maana 2014 kampuni kama Atlassian zilijiunga na Salesforce kuanzisha Pledge 1%, wengine nao waahidi mapema, kabla utamu haujawakolea.

Mwenye fremu Kariakoo hakuhitaji somo hilo. Kodi ya miezi sita hajaimaliza, kadi ya mchango wa harusi imeshatua juu ya kaunta. Humo hamna asilimia. Mna singo na dabo, na mweka hazina anayepiga simu kila jioni.